Acheni Watu Watafute

Kuna kauli ambayo siku hizi imekuwa kama sala ya ufunguzi kwa walimu wa umoja usio na uwili, kuanzia kumbi za London na California hadi video fupi zinazofika kwenye simu za vijana wa Nairobi na Dar es Salaam. Hakuna cha kutafuta, wanasema. Unachokitafuta ndicho ulicho tayari. Kikwazo ni kutafuta kwenyewe, kwa kuwa anayetafuta hujithibitishia kila asubuhi kwamba amepungukiwa, na kadiri anavyokimbia ndivyo anavyozidi kupaacha pale alipo. Basi acha kutafuta, hapo ulipoketi, na mambo yamekwisha.

Kauli hii ina utamu wake. Mtu aliyehangaika miaka kumi kati ya misahafu, mafungo, mifungo na vitabu vya kujisaidia husikia kama ametuliwa gunia mgongoni. Wala si uongo mtupu: Upanishadi za India zilisema zamani sana kwamba ufahamu unaotazama kila kitu si wa mmoja mmoja, na kwamba hauzalishwi na ibada yoyote. Kile ambacho hakijawahi kupotea hakitengenezwi. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwamba kauli hii imegeuzwa kuwa fundisho zima, na sasa anayethubutu kufanya jitihada huonewa huruma kama mshamba ambaye bado hajaelewa. Mimi nasema ni nusu ya fundisho iliyong'olewa kutoka mahali pake, na nusu hiyo ikibaki peke yake inaumiza watu. Kutafuta si ugonjwa. Ugonjwa uko kwa anayeuza mwisho wa kutafuta halafu hataki kuulizwa swali.

Tuanze na mzee ambaye picha yake hutundikwa karibu kila mahali kauli hii inapotamkwa. Ramana Maharshi alizaliwa mwaka 1879 Tiruchuli, katika nchi ya Watamil kusini mwa India. Julai 1896, akiwa kijana wa miaka 16 anayesoma shule mjini Madurai na kuishi kwa baba yake mdogo, hofu ya kifo ilimvamia ghafla ilhali hakuwa mgonjwa. Akajilaza chini kama maiti na kujiuliza ni nini hasa kinachokufa. Kwa maelezo yake mwenyewe, kilichomfunukia muda ule mfupi hakikumtoka tena. Wiki chache baadaye alitoroka nyumbani, na tarehe 1 Septemba akafika Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala. Hakuondoka hapo mpaka alipofariki Aprili 1950.

Wahubiri wetu wanazipenda sana dakika zile za Madurai. Mtu kalala, kainuka, kafika! Ile miaka karibu 54 iliyofuata hawana habari nayo. Hawasemi kwamba kijana yule alikaa kimya katika chumba cha chini cha hekalu hadi wadudu wakamla mapaja. Hawasemi kwamba aliishi miaka mingi mapangoni, wala kwamba baadaye, ashramu ilipokuwa imekua na wageni wanatoka Ulaya, alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kwenda jikoni kukata mboga. Zaidi ya yote, hawasemi alichowafundisha waliomwendea. Mwanzoni mwa karne iliyopita karani wa serikali aitwaye Sivaprakasam Pillai alimwuliza maswali, na majibu yake yakawa kijitabu kinachojulikana hadi leo, kuhusu swali la mimi ni nani. Maelekezo yake ni ya kazi: wazo likiinuka, uliza limemwinukia nani, ukipata kwamba ni mimi, rudi kwenye chanzo cha huyo mimi, wazo lingine likija, anza upya. Asubuhi, mchana, na hata mikono ikiwa kwenye kazi nyingine. Wageni walipomwuliza kama jitihada inahitajika, aliwajibu kwamba inahitajika, mpaka itakapoisha yenyewe.

Mpinzani atanikatiza: lakini yeye mwenyewe hakuhenyeka, alipata bure. Ni kweli. Ndiyo maana ushahidi wake una uzito. Mtu aliyepewa bila kuomba, ambaye angeweza kuwaambia wote wasihangaike kwa kuwa yeye hakuhangaika, alitumia nusu karne kuwapa wenzake kazi ya kufanya. Alijua kwamba njia yake haikuwa kanuni.

Nisargadatta Maharaj wa Mumbai naye hunukuliwa kana kwamba aliamka siku moja dukani kwake, katikati ya sigara za bidi alizokuwa akiuza, akagundua hakuna kitu cha kufanya. Alikutana na mwalimu wake, Siddharameshwar, mwaka 1933, akapewa agizo moja tu, ashike hisia ya kuwepo na asiiache. Alilishika kwa miaka kama mitatu, kwa ukaidi wa mchuuzi anayedai deni lake. Na hata alipokuwa mashuhuri, baada ya mazungumzo yake kuchapishwa kitabuni mwaka 1973, katika chumba chake kidogo ziliendelea kusikika nyimbo za ibada kila siku kama mwalimu wake alivyomwachia. Wazungu waliopanda ngazi kwenda kumsikiliza walirudi makwao na maneno makali ya mazungumzo; bhajani, nyimbo zile za ibada, waliziacha ngazini.

Kiungo kilichobaki kati ya wazee hawa na walimu wa leo ni H. W. L. Poonja wa Lucknow. Alikuwa mja wa Krishna aliyetaja jina la Mungu wake maelfu ya mara kwa siku kwa miaka mingi kabla ya kukutana na Ramana katika miaka ya 1940. Uzeeni, hasa baada ya guru Osho kufariki Januari 1990 na wafuasi wake kubaki yatima, sebule ya Poonja ilifurika wageni. Aliwaambia waache kutafuta. Baadhi yao walikaa wiki chache, wakacheka, wakalia, wakarudi nchi za Magharibi wakiwa walimu. Andrew Cohen, Mmarekani aliyefika kwake mwaka 1986, alianza kufundisha karibu mara moja. Angalia hesabu ilivyokwenda: mwalimu ana miongo ya ibada mwilini, mwanafunzi ana wiki, na mwanafunzi wa mwanafunzi ana tiketi ya wikiendi. Maneno ni yale yale. Mbolea iliyoyaotesha imeachwa njiani.

Hapo ndipo inapofaa kumkumbuka Shankara, ambaye karne nyingi zilizopita alilijenga fundisho la Advaita, yaani huo umoja usio na uwili, kwa hoja ambazo mpaka leo wanafalsafa wanazipigania. Hakuna aliyesema kwa ukali kuliko yeye kwamba tendo haliwezi kuzaa ukombozi. Lakini kabla mwanafunzi hajafunguliwa mlango aliweka masharti manne. Awe na uwezo wa kupambanua cha kudumu na cha kupita. Asiwe mtumwa wa matunda ya dunia hii wala ya peponi. Awe amefuga akili na hisia zake, ana subira, ana imani, ametulia. Na sharti la nne? Awe na kiu kali ya kukombolewa. Kiu ile ile ambayo leo inaitwa kikwazo, kwa Shankara ni kibali cha kuingilia. Asiyetafuta hakuwa ameshafika, alikuwa hajaanza.

Nao walimu wetu wa leo wana kisa cha Advaita wanachokipenda, kile cha watu kumi waliovuka mto. Walipofika ng'ambo kila mmoja aliwahesabu wenzake akapata tisa, kwa kuwa alijisahau mwenyewe. Wakaanza kumlilia mwenzao aliyezama. Akapita msafiri, akawaona, akawaelewa, akamwambia aliyekuwa akihesabu: wa kumi ni wewe. Unaona, wanasema, hakuna aliyepotea, hakuna aliyehitaji kutafutwa.

Nakubali kisa, nakataa tafsiri. Wale watu walihesabu. Walirudia kuhesabu, kwa makosa, lakini kwa uchungu wa kweli juu ya mwenzao, na ni uchungu huo ulioyafanya maneno ya msafiri yawaingie. Angewaambia hayo hayo watu waliokuwa wamelala chini ya mwembe wakisubiri ugali, wangempa shikamoo wakageuka upande wa pili. Kisha angalia alichokifanya yule msafiri. Katika namna moja ya kusimulia, anawapanga mstari na kumpiga kofi mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ataje namba yake mpaka wafike kumi. Hakuwaambia kwamba hesabu ni udanganyifu. Aliwahesabisha vizuri. Na alipomaliza alishika njia yake. Hakufungua kituo pale kivukoni na kuwatoza wapitanjia.

Huko Japani swali hili liliulizwa waziwazi karibu miaka mia nane iliyopita. Dogen, mtawa kijana wa mlima Hiei, alisumbuliwa na jambo moja: ikiwa viumbe vyote tayari vina asili ya Buddha, kwa nini mabuddha wote walihangaika kufanya mazoezi? Angekuwa mtu wa leo angejibiwa kwamba swali lake ndilo tatizo. Mwaka 1223 akapanda meli kwenda China. Akiwa bado bandarini, mtawa mzee wa miaka 61, mpishi mkuu wa hekalu moja, alikuja melini kununua uyoga mkavu. Dogen alimshangaa: mzee kama wewe, kwa nini usikae ukatafakari na kusoma, unahangaika na jiko? Mzee akacheka, akasema kijana huyu wa ng'ambo bado haelewi mazoezi ni nini. Dogen aliporudi kwao 1227 hakuleta habari kwamba mazoezi yamefutwa. Aliandika namna ya kukaa, mgongo uwe vipi, macho yawe vipi. Miaka kumi baadaye akaandika kitabu kizima cha mpishi wa hekalu, pamoja na jinsi ya kuosha mchele na kuangalia mchanga usibaki ndani. Kwake mazoezi hayakuwa ngazi ya kufikia asili ya Buddha. Ndiyo ilivyo asili hiyo inapotembea. Hapo uwili wa kutafuta na kufika umevunjika kweli. Walimu wetu wa leo hawauvunji, wanachagua upande mmoja wa uwili huo huo na kuubatiza jina la umoja.

Sisi wa pwani tuna mahali pa kulipima jambo hili, ingawa nakiri kwamba itikadi ni tofauti na sitaki kuzichanganya kwenye chungu kimoja. Tarika za Kadiria na Shadhilia, zilizoenea kwetu kwa juhudi za watu kama Sheikh Uways wa Barawa na Sayyid Muhammad Maarufu wa Ngazija, zinajua habari ya nafsi kutoweka mbele ya Mola. Muridi hupewa uradi, hukaa kwenye dhikiri, hana ruhusa ya kuongoza mpaka apate ijaza. Junaid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910, aliwafundisha masufi kwamba baada ya fanaa, yaani kutoweka huko, iko baqaa: mtu anarudi, akili timamu, sala zake tano ziko pale pale, na jirani yake ana haki juu yake kama zamani. Mwambie sheikh wa tarika kwamba umeshafika kwa kuwa umesikia kwamba huna pa kwenda, uone atakavyokutazama.

Sasa nije kwenye madhara, kwa sababu haya yote yangebaki ubishi wa barazani kama yasingewagusa watu.

Fikiria kikao cha kawaida. Mama mmoja ananyosha mkono, anasema mume wake amefariki na hapati usingizi. Kutoka kwenye kiti cha mbele anajibiwa kwa sauti laini: ni nani huyo asiyelala? Ukumbi unaguna kwa kuridhika. Swali la Ramana, alilompa mtu alitumie mwenyewe kwa siri kumchimba yule mimi, limegeuzwa fimbo ya kumnyamazisha mfiwa. Ukimwuliza mwalimu huyo kuhusu fedha, utajibiwa ni nani anayelalamika. Ukimwuliza kuhusu mwenendo wake na wanafunzi wa kike, utaambiwa ni nafsi yako inayohukumu. Ni mlango ambao kila ufunguo unaufunga. Nami nasema: kama hakuna aliyeuliza, basi hakuna aliyelipa kiingilio pia, na pesa irudishwe.

Mwanasaikolojia wa Marekani John Welwood, aliyekuwa mtu wa tafakuri na si adui wa nje, alilipa jambo hili jina lake mwaka 1984: kutumia roho kama njia ya mchepuko, ili mtu asipite katika majonzi yake, hasira zake na deni alilonalo kwa watu. Naye hakusema tafakuri ni mbaya. Alisema inaweza kutumika kukimbia, na fundisho linalotamka kwamba hakuna mtu, basi hakuna jeraha, ndiyo barabara pana kuliko zote ya kukimbilia.

Kuna wengine wanaumia kinyume chake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, wakiongozwa na Jared Lindahl na Willoughby Britton, walichapisha mahojiano na watu 60 wa nchi za Magharibi waliofanya tafakuri ya Kibuddha. Walisimulia hofu, kukosa usingizi, na hisia ya nafsi kuyeyuka isiyokuwa karamu hata kidogo. Baadhi walilazwa hospitali. Kuyeyuka huko huko, kwa mwenye mwalimu anayeijua njia, mila inayoliweka jambo hilo mahali pake na watu wa kumletea chakula, huweza kuwa hatua. Kwa aliyepewa video ya dakika nane inayomwambia hakuna mtu ndani yake, ni shimo lisilo na kingo.

Na kuna la tatu, zito zaidi. Tunaaminishwa kwamba anayeona umoja hawezi kudhuru, atamdhuru nani ilhali hakuna mwingine? Historia inasema anaweza, na kwa dhamiri nyeupe. Mwaka 1997 Brian Victoria, mwenyewe mtawa wa Zen, alichapisha utafiti kuhusu mabwana wa Zen wakati wa vita vya Japani. Watu waliothibitishwa na walimu wao kwamba wameamka walihubiri utii kwa jeshi na kumfundisha askari kwamba upanga, anayeupiga na anayepigwa wote ni utupu. Miongoni mwao alikuwemo Yasutani Haku'un, ambaye wasomaji wa Marekani walimpenda kupitia kitabu cha mwaka 1965 bila kujua alichoandika mwaka 1943. Tawi la Zen la Myoshinji liliomba radhi mwaka 2001. Sidhani watu hao walikuwa waongo kuhusu walichokiona. Nadhani walikiona. Kujua kwamba hakuna uwili hakukuambii kama vita hivi ni vya haki. Hilo linatafutwa kwa njia nyingine, kwa kusoma, kwa kuuliza, kwa kumsikiliza Mchina ambaye kijiji chake kinachomwa. Aliyeacha kutafuta kwa kuamini amemaliza anaacha na hilo pia.

Najua hoja iliyobaki, na ndiyo bora waliyo nayo: wapo watu waliolewa kutafuta. Kila msimu guru mpya, kila mwaka ashramu nyingine, wamekusanya nadhiri na shanga kama wengine wanavyokusanya viatu. Nawajua watu wa aina hiyo na wanachosha. Chögyam Trungpa, lama wa Tibet aliyehamia Magharibi, aliwachambua barabara katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu tamaa ya mali inapovaa nguo za dini. Lakini tazama yaliyompata mchambuzi. Pombe ilimmaliza mwaka 1987 akiwa hajatimiza miaka hamsini, na mrithi aliyemteua, Ösel Tendzin, alijua ana virusi vya Ukimwi na akaendelea kulala na watu bila kuwaambia, mpaka habari zikatoka hadharani mwishoni mwa 1988. Wote wawili walihesabiwa kuwa wamevuka. Mlevi wa kutafuta anajidhuru mwenyewe na mfuko wake. Anayeaminiwa kwamba hana tena la kutafuta ana jumuiya nzima ya kuidhuru.

Mlevi huyo hahitaji kuambiwa aache. Ashike njia moja, akae nayo muda mrefu kiasi cha kuchoshwa nayo, mbele ya watu wanaoweza kumwambia hapana. Na sharti hilo la mwisho linamhusu mwalimu kuliko mwanafunzi. Andrew Cohen, yule aliyerudi kutoka Lucknow na mwisho wa safari mkononi, alijenga jumuiya kubwa huko Massachusetts. Mama yake mzazi alikuwa mfuasi wake kwa muda, akatoka, na mwaka 1997 akachapisha kitabu cha kumkosoa. Wafuasi wengine walifuata, wakisimulia udhalilishaji na shinikizo la fedha. Mwaka 2013 aliachia uongozi na kuandika barua ya kuomba radhi. Waliomfikisha hapo hawakuwa polisi wala waandishi wa habari. Walikuwa wanafunzi wake wa karibu, waliokuja kwake miaka mingi nyuma wakitafuta ukweli, na ambao walikuwa bado hawajaacha.